Kuharakisha upakuaji wa vifurushi vya programu kwenye Ubuntu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watumiaji wa Ubuntu 22.04 na 24.04 kwenye kompyuta za mezani na za mpakato. Sehemu kubwa inawafaa pia wanaotumia Debian na Linux Mint, kwa kuwa mifumo hiyo mitatu hutegemea apt, yaani programu ya kupakua na kusakinisha vifurushi; wanaotumia Fedora wana swali lao karibu na mwisho. Kila amri inayoanza na sudo hubadilisha mfumo, kwa hiyo soma maelezo yake kwanza ndipo uibandike kwenye terminali.

Nikipima kasi ya intaneti yangu ni nzuri, lakini apt inapakua polepole. Tatizo liko wapi?

Anza na vipimo vyenyewe. Tovuti za kupima kasi hutoa jibu kwa megabiti kwa sekunde, ilhali apt huonyesha kilobaiti au megabaiti kwa sekunde, na baiti moja ina biti nane. Anayelipia megabiti 10 kwa sekunde hawezi kuvuka megabaiti 1.25 kwa sekunde, hata mambo yote yakienda sawasawa. Apt ikimaliza kupakua huandika mstari wa namna hii:

    Fetched 34.2 MB in 5min 10s (110 kB/s)

Kilobaiti 110 kwa sekunde ni kama megabiti 0.9. Mstari huu ukitokea kwenye laini ya megabiti 10, malalamiko yako yana msingi, kwa sababu hujapata hata sehemu moja ya kumi ya unachokilipia.

Jambo la pili ni kwamba tovuti hizo huchagua seva iliyo karibu nawe, mara nyingi katika mji uleule au ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako. Kwa hiyo zinapima kipande kifupi cha njia, na hazisemi lolote kuhusu safari ndefu ya kutoka Mwanza au Kisumu hadi seva iliyoko Ulaya. Ili kupata jibu la kweli, pima seva ambazo apt inazitumia:

    curl -o /dev/null http://archive.ubuntu.com/ubuntu/ls-lR.gz
    curl -o /dev/null http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu/ls-lR.gz

Faili la ls-lR.gz ni orodha ya mafaili yote ya hazina, yaani ghala la vifurushi vya Ubuntu, nalo ni kubwa kiasi cha kutoa kipimo cha maana. Halihifadhiwi kwenye diski, lakini linakula bando, kwa hiyo likishapakuliwa kwa sekunde 20 hivi unaweza kulikatiza kwa Ctrl+C. Pima saa mbili usiku watu wengi wanapokuwa mtandaoni, kisha upime tena alfajiri. Seva zote zikiwa polepole usiku na kuchangamka alfajiri, msongamano uko kwa mtoa huduma wako. Moja ikiwa na kasi na nyingine ikisuasua saa ileile, tatizo ni seva au njia ya kuifikia, na hilo unaweza kulirekebisha mwenyewe.

Seva za nakala ni nini, na kwa nini umbali wake una athari kubwa hivyo?

Hazina ya Ubuntu huhifadhiwa kwenye seva kuu za kampuni ya Canonical, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa Uingereza na Marekani, halafu vyuo, watoa huduma za intaneti na taasisi nyingine duniani hunakili hazina yote na kuigawa bure. Unaposakinisha Ubuntu na kuchagua Tanzania kama mahali ulipo, kisakinishi huweka anwani ya tz.archive.ubuntu.com, Kenya hupata ke, Uganda ug, Rwanda rw. Anwani ya nchi isiyo na seva ya nakala huelekezwa kwenye seva kuu, kwa hiyo kuona herufi za nchi yako hakuthibitishi kwamba unapakua kutoka nchini mwako.

Umbali unaumiza kwa sababu itifaki ya TCP hutuma data kwa awamu. Mtumaji hutuma kiasi kidogo, husubiri uthibitisho kwamba kimefika, ndipo huongeza. Awamu ya kwanza kwa kawaida ni pakiti (vipande vidogo vya data) 10, yaani kama kilobaiti 14, na kiasi hicho huongezeka maradufu kila uthibitisho unaporudi. Ishara ikichukua milisekunde 160 kwenda na kurudi, kila hatua ya kupanda kasi husubiri milisekunde 160; seva ikiwa umbali wa milisekunde 5, kasi hupanda kabla hujaona. Baya zaidi ni upotevu wa pakiti, ambao ni jambo la kila siku kwenye intaneti ya simu. Pakiti ikipotea, mtumaji hudhani njia imejaa na kupunguza kasi, kisha huanza kupanda tena hatua kwa hatua, na kupanda huko huwa polepole zaidi kadiri seva ilivyo mbali. Ndiyo maana upotevu mdogo usioonekana kabisa kwenye seva ya karibu unaweza kuinyong'onyeza kabisa laini inayoelekea Ulaya.

Hata hivyo, ukaribu wa kwenye ramani si lazima uwe ukaribu wa kwenye mtandao. Data inayotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi inaweza kuzungukia Ulaya ikiwa watoa huduma wawili hawabadilishani data papa hapa. Vituo vya kubadilishana data, kama KIXP cha Nairobi na TIX cha Dar es Salaam, vilianzishwa ili kuondoa mzunguko huo, lakini manufaa yake yanamfikia mteja pale tu mtoa huduma wake anapokuwa ameunganishwa navyo ipasavyo. Amri ya mtr ikifuatiwa na jina la seva itakuonyesha njia halisi: milisekunde zikiruka ghafla kutoka 10 hadi 150, data imekwisha kuvuka bahari.

Ninabadilishaje seva?

Fungua programu iitwayo Software & Updates, nenda kwenye orodha ya "Download from", chagua "Other", kisha bofya "Select Best Server". Programu itazipima seva nyingi na kupendekeza moja. Pendekezo hilo ni la kuanzia tu, kwa maana seva yenye kasi inaweza kuwa na nakala iliyochelewa kwa siku kadhaa. Kabla ya kuikubali, ifungulie orodha rasmi iliyoko launchpad.net/ubuntu/+archivemirrors, ambayo huonyesha kila seva, uwezo wake na kama nakala yake inakwenda na wakati. Mimi ningechagua seva ya wastani iliyosasishwa leo badala ya ile yenye kasi kubwa iliyoachwa nyuma wiki nzima.

Wanaopenda kuhariri faili wenyewe watambue kwamba Ubuntu 22.04 huweka anwani hizo katika /etc/apt/sources.list, ilhali 24.04 imehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, ambalo lina mpangilio mpya (noble ni jina la toleo la 24.04):

    Types: deb
    URIs: http://ke.archive.ubuntu.com/ubuntu/
    Suites: noble noble-updates noble-backports
    Components: main restricted universe multiverse
    Signed-By: /usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg

Badilisha mstari wa URIs peke yake, hifadhi, kisha endesha sudo apt update. Chini yake utakuta fungu la pili lenye anwani ya security.ubuntu.com na neno noble-security. Fungu hilo liache lilivyo. Sababu iko katika jibu linalofuata.

Je, ni salama kupakua programu kutoka kwenye seva ya taasisi nisiyoijua?

Kwa kiasi kikubwa ndiyo, na inafaa kuelewa kwa nini. Apt huanza kwa kupakua faili la InRelease, lililotiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa Ubuntu ambao tayari umo ndani ya kompyuta yako. Ndani ya faili hilo mna alama za SHA256 (namba zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) za faharasa zote, yaani orodha za vifurushi vilivyomo, na ndani ya faharasa mna alama ya SHA256 ya kila kifurushi. Mwenye seva akibadilisha herufi moja ndani ya kifurushi, alama hazitalingana na apt itakataa kusakinisha. Ulinzi huu unafanya kazi hata anwani ikianza na http bila s.

Kitu ambacho saini haiwezi kukizuia moja kwa moja ni seva kubaki na nakala ya zamani. Nakala ya zamani nayo ina saini halali, na mtumiaji anaweza kuambiwa kwamba mfumo wake umesasishwa wakati masasisho ya usalama ya wiki nzima hayajamfikia. Hiyo ndiyo sababu ya kuliacha fungu la usalama lielekee security.ubuntu.com: masasisho yake ni madogo kuliko mengine, na kupoteza dakika chache ni bora kuliko kubaki na tundu lililokwisha kuzibwa kwa wengine.

Kuna waliouliza kama HTTPS ina maana yoyote basi. Inayo, kwa sababu apt yenyewe ni programu na inaweza kuwa na kasoro. Januari 2019 ilitangazwa kasoro ya CVE-2019-3462, iliyompa nafasi mtu aliye katikati ya mtandao kuidanganya apt inapoelekezwa anwani nyingine kupitia HTTP. Ilirekebishwa mara moja, lakini ilionyesha faida ya kuwa na kinga ya pili. Seva yako ikitoa HTTPS na huna akiba ya pamoja kama itakayoelezwa hapo chini, itumie.

Lisilokubalika kamwe ni ushauri wa kuweka [trusted=yes] au --allow-unauthenticated ili kosa la saini lisionekane tena. Unakuwa umeuondoa mlango kwa sababu kitasa kilikuwa kigumu.

Kwa nini apt update peke yake inachukua muda mrefu, hata kama hakuna cha kusakinisha?

Kwa sababu inapakua faharasa, nazo si ndogo. Ubuntu ina sehemu nne za hazina, yaani main, restricted, universe na multiverse, na kila moja iko katika toleo la msingi, katika updates, katika security na katika backports. Juu ya hapo kuna maelezo ya vifurushi kwa lugha mbalimbali, pamoja na taarifa na picha ndogo zinazotumiwa na duka la programu.

Soma mistari apt inapofanya kazi. Unaoanza na "Hit" maana yake faharasa haijabadilika na haikupakuliwa tena. "Get" ni upakuaji halisi, na ukubwa wake umeandikwa mwishoni mwa mstari. "Ign" ni faili lililorukwa, mara nyingi bila madhara, na "Err" ni kushindwa. Mara nyingi utakuta kinachokuchelewesha si Ubuntu yenyewe bali ni hazina ya ziada uliyoiongeza miaka miwili iliyopita kwa ajili ya programu ambayo hata huitumii, na ambayo seva yake imekwisha kufa. Apt hukaa ikiisubiri hadi ichoke. Iondoe kupitia kichupo cha "Other Software" katika Software & Updates. Zima pia "Source code" ikiwa si mtengenezaji wa programu.

Anayebana bando sana anaweza kuunda faili /etc/apt/apt.conf.d/99lugha lenye mstari huu:

    Acquire::Languages "none";

Apt itaacha kupakua maelezo marefu ya vifurushi, na utabaki na maelezo mafupi. Kwa mtu anayeyasoma maelezo hayo kabla ya kuchagua programu, si badiliko zuri. Kwa kompyuta ya ofisini ambayo husasishwa tu, ni sawa.

Apt imekwama kwenye "0% [Connecting to ...]" na haiendelei. Nifanye nini?

Tazama anwani iliyo ndani ya mabano. Ikiwa ni ndefu na ina nukta pacha nyingi, hiyo ni IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao, na kuna uwezekano kwamba ruta yako inadai kuwa na IPv6 ilhali njia yenyewe haifiki popote. Jaribu mara moja kwa amri hii:

    sudo apt -o Acquire::ForceIPv4=true update

Ikipita haraka, liandike agizo hilo moja kwa moja ndani ya faili lililo katika saraka ya /etc/apt/apt.conf.d/ kama Acquire::ForceIPv4 "true";. Na umjulishe mtoa huduma wako, maana kasoro hiyo inaathiri mambo mengine pia.

Na kosa la "Hash Sum mismatch"?

Mara nyingi seva ilikuwa katikati ya kujisasisha, au kuna proksi (seva ya kati) ya mtoa huduma iliyokupa faili la zamani. Subiri saa moja au ubadilishe seva. Likiendelea, futa faharasa kwa sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/* kisha uendeshe sudo apt update upya. Kufuta huko hakugusi programu zako, ila faharasa zote zitapakuliwa tangu mwanzo.

Je, apt-fast, nala na aria2 zinaongeza kasi kweli?

Inategemea chanzo cha ugonjwa. Apt kwa kawaida hufungua muunganisho mmoja kwa kila seva na kupanga maombi yake humo. Apt-fast hutumia aria2, programu ya kupakua mafaili, kufungua miunganisho mingi kwa pamoja. Nala, iliyomo katika hazina za Debian 12 na Ubuntu 24.04, nayo hupakua vifurushi kadhaa sambamba na ina amri ya nala fetch ya kutafuta seva zenye kasi. Mahali ambapo seva iko mbali na pakiti hupotea, miunganisho minne inaweza kusaidia sana, kwa sababu mmoja ukipunguza kasi mingine huendelea. Mahali ambapo laini yako imekwisha kujaa, haitaongezeka hata kilobaiti moja.

Ushauri wangu ni kutafuta kwanza seva nzuri, na zana hizi zije baadaye. Seva za nakala hutunzwa na watu wanaojitolea, na kompyuta moja kufungua miunganisho kumi na sita kunawanyima wengine nafasi.

Nimeshauriwa kuwasha BBR kwa sysctl ili upakuaji uwe wa kasi. Ni kweli?

Hapana. BBR ni kanuni ya kudhibiti kasi ya kutuma. Unapopakua, mtumaji ni seva, kwa hiyo kinachoamua ni mpangilio wa seva. Kuiwasha kwenye kompyuta yako kunaweza kuathiri unachopakia tu.

Tuna maabara yenye kompyuta 20 na laini moja ya intaneti. Tufanye nini?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake huleta nafuu kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na inasikitisha kwamba shule nyingi bado hazijalisikia. Masasisho ya megabaiti 400 kwenye kompyuta 20 ni gigabaiti 8 zinazopita kwenye laini moja, na karibu zote ni mafaili yaleyale. Ukiweka akiba ya pamoja, megabaiti 400 huvuka intaneti mara moja, na kompyuta nyingine 19 huzichukua ndani ya jengo kwa kasi ya waya wa mtandao.

Chagua kompyuta moja inayobaki imewashwa, hata kama ni ya zamani, mradi diski yake ina nafasi ya gigabaiti kadhaa. Ipe anwani isiyobadilika kwenye ruta, tuseme 192.168.1.10, kisha usakinishe:

    sudo apt install apt-cacher-ng

Huduma itaanza yenyewe kwenye mlango wa 3142, na vifurushi vitakuwa vinahifadhiwa katika /var/cache/apt-cacher-ng. Kwenye kila kompyuta ya maabara, unda faili /etc/apt/apt.conf.d/02proxy na uandike ndani yake:

    Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Hakuna kingine. Endesha masasisho kwenye kompyuta ya kwanza na usubiri kama kawaida, halafu nenda kwenye ya pili: mistari ileile ya "Get" itakimbia kwa makumi ya megabaiti kwa sekunde. Wanafunzi wakiliona hilo kwa macho yao hulielewa somo la akiba kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Ukurasa wa http://192.168.1.10:3142/acng-report.html utakuonyesha kiasi kilichotolewa kwenye akiba na kiasi kilichotoka nje.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, kompyuta zote zitumie anwani moja ya seva ya nakala katika mipangilio yao. Pili, hazina zinazotumia HTTPS haziwezi kuwekwa kwenye akiba hiyo, kwa kuwa apt-cacher-ng haioni kilichomo ndani, na huenda zikakataliwa hadi uziruhusu zipite kwa agizo la PassThroughPattern katika /etc/apt-cacher-ng/acng.conf. Hakuna hatari ya kutumia HTTP hapo kwa sababu saini bado zinakaguliwa na kila kompyuta. Tatu, kompyuta ya mpakato ambayo mwalimu huenda nayo nyumbani itakwama ikiitafuta 192.168.1.10; kwa hiyo badala ya faili la 02proxy, isakinishie kifurushi cha auto-apt-proxy, ambacho huitumia akiba inapopatikana na kuiacha isipopatikana, mradi 192.168.1.10 imepewa jina la apt-proxy kwenye DNS (huduma ya majina) ya ruta ili kifurushi hicho kiweze kuipata. Mlango wa 3142 ubaki ndani ya maabara, usifunguliwe kwa intaneti.

Ninawezaje kupakua usiku, wakati bando ni nafuu na mtandao umetulia?

Apt inaweza kupakua bila kusakinisha. Unda faili /etc/cron.d/pakua-usiku lenye mstari huu:

    0 2 * * * root apt-get -qq update && apt-get -qqyd upgrade

Cron ni programu inayoendesha kazi kwa ratiba, na namba 2 humo ni saa nane usiku. Herufi d huagiza kupakua tu, na vifurushi vitawekwa katika /var/cache/apt/archives. Asubuhi ukiendesha sudo apt upgrade, kitakachobaki ni kusakinisha. Umeme au mtandao ukikatika katikati, kipande kilichokwisha kupakuliwa hubaki ndani ya saraka ya partial na upakuaji huendelea kutoka hapo.

Anayelazimika kupakua mchana wakati wengine wanafanya kazi aweke kikomo, kwa mfano Acquire::http::Dl-Limit "200"; ndani ya faili la apt.conf.d, ambacho huizuia apt isizidi kilobaiti 200 kwa sekunde. Kwa ofisi inayogawana laini moja, huo ni uungwana.

Je, ninaweza kuhamisha vifurushi kwa flashi kwenda kwenye kompyuta isiyo na intaneti?

Ndiyo, kwa programu iitwayo apt-offline. Kwenye kompyuta isiyo na intaneti unaendesha sudo apt-offline set ikifuatiwa na jina la faili, nayo huandika orodha ya inachohitaji. Unalipeleka faili hilo penye intaneti, unapakua kwa apt-offline get, unarudi na matokeo na kuyaingiza kwa apt-offline install. Ni utaratibu wa mikono lakini unakagua saini ipasavyo, tofauti na kuokoteza mafaili ya .deb kwenye tovuti.

Ukitaka kunakili vifurushi ulivyokwisha kusakinisha, kumbuka kwamba tangu toleo la 1.2 amri ya apt hufuta kifurushi baada ya kukisakinisha, ilhali apt-get hukiacha. Wengi hulifungua saraka la archives wakakuta tupu kwa sababu hiyo.

Nimebadilisha seva, apt ina kasi, lakini Firefox bado inasasishwa polepole.

Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kama kifurushi cha snap, na snap hazipitii apt wala seva za nakala. Hutoka kwenye duka la Canonical. Huwezi kuzichagulia seva, lakini unaweza kuzichagulia saa. Kwa kawaida mfumo huangalia masasisho ya snap mara nne kwa siku, na amri hizi mbili hubadilisha utaratibu huo:

    sudo snap set system refresh.timer=fri,23:00-01:00
    sudo snap set system refresh.metered=hold

Ya kwanza huyaweka masasisho kati ya saa tano usiku Ijumaa na saa saba usiku. Ya pili huyasimamisha unapotumia muunganisho uliotiwa alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, kama vile simu, na alama hiyo huwekwa kwenye mipangilio ya Wi-Fi.

Ninatumia Fedora, si Ubuntu.

Fedora hupokea orodha ya seva zilizo karibu nawe kila inapoomba, kwa hiyo kazi ni ndogo. Ongeza max_parallel_downloads=10 ndani ya /etc/dnf/dnf.conf, maana chaguo-msingi ni 3. Agizo la fastestmirror=True hupanga seva kwa wepesi wa kuitikia, si kwa upana wa njia, na wakati mwingine huchagua vibaya; lijaribu, upime, uliondoe lisiposaidia. Kwa Debian, anwani ya deb.debian.org tayari hutumia mtandao wa usambazaji wenye seva sehemu nyingi duniani, na kwa watu wengi hakuna haja ya kuibadilisha. Linux Mint ina orodha mbili, ya Mint na ya Ubuntu iliyo chini yake, na zote mbili hubadilishwa ndani ya programu yake ya vyanzo vya programu.

Upakuaji umekwisha haraka, lakini usakinishaji unachukua nusu saa.

Hapo intaneti haihusiki. Ni diski, hasa ile ya kuzunguka, na kazi ya kufungua vifurushi. Kuweka SSD ndiyo tiba.

Kebo ya baharini ikikatika, kuna la kufanya?

Lipo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo njia za nje zilizobaki hubeba mzigo wote, lakini data inayobadilishwa ndani ya kanda haipiti baharini. Hamia kwenye seva ya nakala iliyo ndani ya Afrika Mashariki baada ya kuipima kwa curl, ahirisha masasisho makubwa, na uendeshe sudo unattended-upgrade -v, ambayo kwa mipangilio ya kawaida ya Ubuntu hushughulikia masasisho ya usalama na kuyaacha mengine yasubiri.

Chuo chetu kina laini nzuri na diski kubwa. Tunaweza kuwa seva ya nakala kwa ajili ya wengine?

Mnaweza, na kanda hii inazihitaji. Hazina kamili ya Ubuntu inahitaji diski ya terabaiti kadhaa ikiwa mnataka nafasi ya kukua, na muunganisho wenu kwenye kituo cha kubadilishana data cha nchi una thamani kuliko upana wa laini ya nje. Unakili hufanywa kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, mara kadhaa kwa siku, na seva husajiliwa kwenye Launchpad ili ikaguliwe na kuorodheshwa.

Kosa linalowapata wengi wanaoanza ni kunakili kila kitu kwa mpigo mmoja. Rsync ikileta faharasa mpya kabla ya vifurushi vyake, mtumiaji atakayeingia katikati ataambiwa kuna toleo jipya, atalifuata, na atapata kosa la 404, yaani faili halipo. Kwa hiyo nakili kwa hatua mbili: ya kwanza ilete saraka la pool lenye vifurushi bila kufuta chochote, na ya pili ilete saraka la dists lenye faharasa, kisha ndipo vifurushi vya zamani vifutwe. Mlango wa rsync uwekwe kikomo cha wateja wachache, ili vyuo vingine vitakapotaka kunakili kutoka kwenu visiwazibie njia wanafunzi wanaopakua kwa HTTP.